Fundo Upande wa Kulia

Wasifu wa marehemu ulipofika mahali pa kusema kwamba aliwafundisha wasichana wengi wa Musoma namna ya kukaa ofisini, niliacha kulia. Sikuwa nalia sana hata hivyo. Nilikuwa nalia kama mtu anavyolia msibani kwa kuwa wenzake wanalia na yeye ameshafika. Tulikuwa chini ya turubai pale Butiama, nyumbani kwa mume wake, na msomaji alikuwa mpwa wake, mtu wa makamo mwenye suti na sauti nzuri. "Mama yetu Perpetua," akasema, "alibuni njia yake mwenyewe. Alijifunga kanga kiunoni, ndani ya blauzi, akakaa mezani kutwa nzima bila kupinda mgongo. Wengi wenu mliokaa hapa amewafunga kwa mikono yake." Wanawake wa mstari wa mbele wakaitikia kwa vichwa, mmoja akajishika kiuno. Picha ya marehemu ilikuwa imeegemezwa karibu na jeneza. Amekaa nyuma ya meza, mabega yameshuka, shingo imenyooka, kama mtu aliyeshikwa nywele na malaika. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa, nimejikunja kama samaki aliyeanikwa juani akasahaulika. Nilikuwa nimetoka Bunda asubuhi, nikafika Nyamuswa kwa gari, na kutoka Nyamuswa nikaletwa na bodaboda ambaye hakuacha shimo hata moja.

Alibuni. Nililirudia hilo neno moyoni mpaka likapoteza maana. Watu wameniuliza kwa nini nilienda kumzika, na wengine ni wanangu. Nilienda kwa sababu nilitaka kusikia watasema nini juu yake. Sasa nimesikia, na mimi nina la kusema, nitaliandika hapa. Shule yangu iliishia darasa la nne. Hilo halinipi aibu. Nimeandika barua za mahakamani, mikataba ya mashamba, hotuba za wakubwa na makaratasi ya chuo ya watoto wa watu, na wenye shule zao walilipa ndipo wakachukua. Leo nina steshenari yangu mjini Bunda, kompyuta zimepangwa kama watoto wa ekaristi, na wasichana ninaowaajiri wanakaa ninavyotaka mimi wakae. Sitaeleza nilizaliwa na nani na tulikuwa wangapi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka niliojifunza kupiga chapa Musoma, nilipokaa chumba kimoja na huyu Perpetua, mimi nikimwita Petua.

Chumba kilikuwa Nyasho, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane aliyeuza chumvi na mafuta ya taa. Kitanda kimoja, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na jiwe. Nasema jiwe kwa sababu Musoma mji umejengwa kati ya majabali, na jabali moja lilikuwa limeingia kwenye kona ya chumba chetu, fundi alishindwa kuliondoa akajenga ukuta juu yake. Sisi tulilifanya kabati. Sufuria zilikaa juu ya jiwe, sahani juu ya jiwe, na asubuhi jiwe lilikuwa baridi kiasi kwamba tuliweka maziwa hapo yasichache. Petua alitoka upande wa Butiama na mimi nilitoka Suguti. Tulikutana mlangoni kwa mwalimu siku ya kwanza, kila mmoja anatafuta wa kuchangia kodi. Alikuwa mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka. Watu walimpenda kabla hajasema kitu. Mimi watu walikuwaga wananipenda baadaye, wakinipenda.

Mwalimu wetu tulimwita Madamu. Alifundisha kwenye chumba cha nyuma cha duka moja karibu na Mwigobero, mahali ambapo upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa mpaka kwenye karatasi. Mashine zake zilikuwa nzee, nyingine haina herufi ya kuhema, ukiandika "hapa" inatoka "apa". Sheria yake ilikuwa kila mwanafunzi aje na kiti chake. "Mashine ni yangu, makalio ni yako," alisema, na hakucheka. Wengi walikuja na viti vya kulia chakula, virefu, miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Mimi changu nilikipeleka kwa fundi seremala wa Nyasho, nikakaa juu yake palepale mbele ya watu, nikamwambia akate miguu mpaka nyayo zangu zikanyage chini zote. Akasema kiti kizuri hakikatwi. Nikamwambia kiti nimenunua mimi. Madamu alipokiona alikizunguka, akakisukuma kwa goti, akawaambia wengine, "Huyu amekuja kufanya kazi."

Lakini kiti hakikutosha. Mimi nilitoka kwenye kulima mihogo na kubeba ndoo za dagaa kutoka mwaloni, wanaposhushia wavuvi, nikadhani kukaa ni kupumzika. Kukaa ni kazi. Asubuhi unaanza umenyooka, jua likipanda kidogo mabega yanapanda nayo, shingo inakwenda mbele kuifuata karatasi, na kufika mchana mgongo unawaka kama umepakwa pilipili. Vidole vinachelewa, macho yanaona mistari miwili penye mmoja. Wenzangu waliona ni kawaida, wakasema ndiyo ofisi yenyewe. Mimi nilikataa. Nikawakumbuka wanawake wa kwetu waliosaga mtama juu ya jiwe. Yule mwanamke anapiga magoti asubuhi, anasukuma jiwe mbele na nyuma mpaka unga wa watu kumi upatikane, na jioni anasimama anakwenda kuteka maji. Kabla hajapiga magoti alijifunga kitambaa kiunoni, akakaza. Basi nikajiuliza: huyu anainama juu ya jiwe na mimi nainama juu ya mashine, kuna tofauti gani.

Siku ya kwanza nilifunga kanga juu ya gauni. Madamu akaniuliza, "Unakwenda kulima?" na darasa zima likacheka, Petua akacheka kuliko wote. Siku ya pili nikaifunga ndani ya blauzi. Kujifunga hivyo mwenyewe hakukazi vizuri, panahitajika mtu wa pili. Kwa hiyo kila asubuhi Petua alisimama karibu na mlango ameshika ncha moja ya kanga iliyokunjwa nyembamba, mimi nikasimama kando ya jiwe na ncha ya pili imebanwa tumboni, nikawa najizungusha kumfuata, raundi kwa raundi, mpaka nikafika kwenye mikono yake. Mama mwenye nyumba alituona kupitia mlango akasema, "Nyie watoto mnafungana kama mizigo ya basi." Kanga haikubebi, nataka hili lieleweke. Inakukumbusha. Ukilegea inakubana chini ya mbavu, unanyooka bila kufikiri, na mkono unaendelea kuandika.

Fundo mwanzoni nililiweka kushoto. Mashine zile, ukifika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto unapanda kusukuma kile chuma cha kurudisha karatasi mwanzo, na kila ukipanda kiwiko kinasugua ubavu. Wiki moja ilinitosha, ngozi ilichubuka nikashindwa hata kuoga. Nikalihamishia kulia, likatulia. Nilipoanza kumfunga na Petua nililiweka kulia tangu siku ya kwanza. Hakuniuliza kwa nini. Petua hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Nami katika doti yangu nilimpa kipande kimoja nikabaki na cha pili, kanga moja, watu wawili, ua lile lile la njano limegawanyika kati ya viuno vyetu.

Nilimfundisha na mengine. Yeye asubuhi alikuwa anakula kiporo cha ugali wa udaga, ule wa mihogo, sahani imejaa, halafu mchana anakula tena, na baada ya hapo anasinzia juu ya mashine mpaka paji la uso linapiga herufi zote kwa pamoja. Nilikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nyumbani Suguti walinitumiaga kwenye mfuko. Nikamwonyesha: tafuna kidogo, kunywa maji, asubuhi usishibe. Karatasi ikiisha kwenye mashine usiweke nyingine umekaa, simama, nenda dirishani, angalia ziwa mpaka mwisho wa macho yako, ndipo urudi. Alilalamika kwamba michembe ni chakula cha njaa. "Nyamisi, unataka kunigeuza Mjita kama wewe," alisema. Nikamwambia, "Nataka kukugeuza sekretari." Jioni tulikula vizuri. Nilinunua furu kwa wavuvi waliokuwa wamebaki nao, wale samaki wadogo ambao wenye uwezo hawawataki, tunawakaanga wakawa wakavu, tunakula na ugali tumekaa chini, migongo imeegemea jiwe. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ndiyo usiseme. Lakini nikiulizwa ni lini katika maisha yangu nilikula nikafurahi, nitasema pale. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angeniibia furaha nisiyokuwa nayo, nisingejali.

Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, ofisi moja ya mambo ya pamba pale mjini, sitaitaja, ilitafuta mpiga chapa mmoja. Madamu alitupeleka mimi na Petua. Alisema mbele yetu wote wawili, "Nyamisi ana mikono. Petua ana uso. Wao wachague wanataka kuandikiwa au kutazamwa." Asubuhi ya kupimwa Petua alinishikia kanga kama kawaida. Alivuta kwa nguvu, akaweka mguu kwenye ukingo wa kitanda ili avute zaidi, mpaka nikamwambia, "Dada, taratibu, nitakosa pumzi." Akasema, "Leo ndiyo siku ya kukaza." Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi leo usinifunge, tumbo linaniuma." Nikamwonea huruma. Nikamwambia basi kaa mbele kidogo ya kiti, nyayo chini, utafika.

Katibu wa ofisi ile alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kusafisha miwani yake kwa tai. Alitupa barua moja tuandike kwa zamu, akasimama nyuma yetu. Petua aliandika akikosea na kucheka, anafuta, anacheka. Mimi niliandika mpaka mwisho sikuinua macho. Katibu akaichukua karatasi yangu, akaitazama kama mtu anayetazama shati lililopigwa pasi vizuri, akasema, "Huyu binti anakaa kama jeshi. Njoo Jumatatu." Mhudumu wa ofisi, mama aliyekuwa anapitisha chai, alinishika kiuno kunisogeza apite na trei mahali palipobana, nikahisi mkono wake umesimama pale, umegonga kitu kigumu, halafu ukaondoka. Sikuliweka moyoni. Nilikuwa nawaza kiti changu kitapita mlango gani.

Jumatatu Petua aliondoka kabla yangu, alisema anapitia misa. Nilipofika ofisini na kiti changu kichwani, nilimkuta amekaa nyuma ya mashine. Alikuwa amenyooka. Niliona hilo kwanza kabla sijaelewa kitu kingine chochote: kwamba amenyooka, na kwamba asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa amemfunga chumbani kwetu, kwa hiyo amefungwa na mtu mwingine au amejikaza mwenyewe kwa nguvu zake zote. Hakuinua uso. Mlinzi akanishika kiwiko akasema nafasi imeshapata mtu. Nikasema mtu mwenyewe ni mimi. Akasema, "Binti, nenda kapumzike. Hali yako inahitaji kupumzika." Nilitoka na kiti kichwani nikiwaza ni hali gani hiyo.

Niliijua mchana. Nyuma ya ofisi palikuwa na mama ntilie aliyezungushia kibanda chake mabati, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa nje, juu ya kiti changu, nakunywa uji kwa sababu sikuweza kumeza kitu kingine. Ndani walikuwa makarani wawili na yule mama wa chai. Nilisikia kijiko kinagonga sahani, halafu mmoja akasema, "Yule wa Suguti kumbe vipi?" Mama wa chai akasema, "Kafungwa mkaja, baba. Nimemshika kwa mkono wangu huu. Ana uzazi mbichi kabisa." "Na mtoto?" "Sijui amemwacha wapi. Mwenzake wanayelala chumba kimoja ndiye aliyesema, tena hakusema kwa ubaya, maskini, alisema kwa huruma. Anasema anamfunga yeye mwenyewe kila asubuhi." Karani wa pili akasema, "Katibu hawezi kuweka mtu wa hivyo. Kesho maziwa yanatoka juu ya barua." Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Mtu yeyote wa kwetu akimkuta msichana amekazwa tumbo chini ya nguo anajua jambo moja tu, kwamba amezaa, maana ndivyo wazazi wanavyofungwa ili tumbo lirudi. Mimi mwenyewe ningedhani hivyo. Nilikuwa nimeichukua kanga kwa wanawake wa jiwe la kusagia, nikasahau kwamba hata wenye kichanga wana kanga. Petua hakusahau.

Nimefikiria miaka mingi ni lini aliamua. Je, ni asubuhi ile aliposema tumbo linamuuma? Au ni alipoweka mguu kitandani ili avute? Au alikuwa ameamua tangu zamani, tangu siku ambazo tulikuwa tunakula furu na kuegemea jiwe, na kila asubuhi alipokuwa ameshika ncha yake alikuwa anaona tayari itakavyomfaa? Swali hili sijalipatia jibu. Jioni nilirudi chumbani nikamkuta anakaanga samaki.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi. Umewaambia nimezaa."

"Sijasema umezaa."

"Umesema nini?"

"Nilisema unajifunga tumbo. Si unajifunga?"

"Petua."

"Wamemalizia wenyewe. Mimi sikumalizia."

"Ungewaambia na wewe unajifunga."

"Siku ile sikuwa nimejifunga." Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Wewe una mikono, Nyamisi. Wewe hata ukitupwa porini utatoka na kitu. Mimi nikikosa pale narudi nyumbani, na yule mzee anayetaka kunioa ng'ombe wake wako tayari, unajua. Nilikwambia."

"Kwa hiyo umewakimbia ng'ombe wake kwa jina langu."

Alitenga sahani mbili juu ya jiwe. "Kula kwanza," akasema, "furu wanapoa."

Nilikula. Watu hawaniaminigi nikisema kwamba nilikula. Nilikuwa na njaa, na samaki nilikuwa nimewanunua mimi.

Ningeweza kwenda kwa Katibu nikafungua blauzi nikamwonyesha tumbo. Madamu alinishauri hivyo hasa, alisema twende wote, na ningepewa kazi labda. Nikakataa. Msichana hafungui nguo ofisini ili apewe kiti. Halafu jambo lenyewe lilishatoka mjini. Siku chache baadaye shangazi yangu aliteremka kutoka Suguti na kuku amefungwa miguu na unga wa ulezi kwenye kibuyu, vile vitu wanavyopelekewa wazazi. Aliketi kitandani, akatazama kila kona, akaangalia hata nyuma ya jiwe. "Yuko wapi?" akauliza. Nikasema nani. "Usinifiche, mimi siyo baba yako. Nimekuja kukuogesha, sijaja kukugombeza." Nikamwambia, "Shangazi, hakuna mtoto." Akanitazama kifua, akashusha sauti. "Amekufa?" Nikasema hakufa, hakuwepo. Hapo uso wake ukabadilika kabisa, na nikaona ninachimba shimo kwa mdomo wangu. Nilipokataa kwamba yupo alidhani amekufa, na nilipokataa kwamba amekufa alidhani nimemtupa. Alisimama, akaacha kuku na unga palepale, akasema, "Kunywa uji, upate nguvu," na mlangoni hakugeuka. Kulikuwa na mtu Suguti aliyekuwa ananiulizia kwa watu wangu, anataka kunioa. Baada ya hapo hakuuliza tena. Shangazi alikufa bila kuamini. Miaka yote aliyobaki nayo, kila mtoto wangu alipozaliwa alimpakata akiniambia, "Wa pili huyu," "Wa tatu huyu," na aliyezaliwa kwanza alikuwa ndiye wa pili.

Nilihama Musoma na kiti changu juu ya basi. Pale Bunda nilianza na mashine ya kukodi, chini ya kibati, nje ya mahakama, nikiwaandikia watu malalamiko yao. Nilikaa kwenye kiti kilekile nilichokatia miguu. Lakini sikujifunga tena, siku hiyo wala nyingine. Nilijaribu mara moja asubuhi moja, nikaishika kanga ile ya njano, nikaona mikono ya mama wa chai, nikaiweka chini. Nikavaa vitenge vyangu kwa kulegeza kama kila mtu. Mgongo ukawaka, nikauacha uwake. Mashine ya kukodi ikawa yangu, kibati kikawa chumba, chumba kikawa duka, na mimi nikawa ninapinda kidogo kidogo, mpaka daktari akaniambia pingili zangu zimesagika, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani nzito. Nikamwambia nilikuwa nakaa. Wasichana wangu nimewanunulia viti vya kupandisha na kushusha, nimeinua skrini zikae usawa wa macho, maji yako mezani, na kila baada ya muda ninapiga kofi moja, wote wanasimama, wanakwenda mlangoni kutazama barabara kwa kuwa ziwa Bunda halionekani. Kanga sikuwafundisha hata mmoja. Ningewafundishaje, na ningewaambia nini siku ambayo mama zao wangekuja kuniuliza?

Petua nilimwona tena mara moja tu, sokoni Musoma. Alikuwa ameolewa na mtu wa kuchagua mwenyewe, amezaa, amenenepa vizuri. Na alikuwa amejifunga, tena juu ya gauni, mchana kweupe. Mwanamke aliyeolewa na kuzaa hakuna wa kumuuliza. Tulisalimiana. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini, kwa upendo kabisa, yule yule wa zamani, akanishika bega. "Dada, mbona unapinda?" akasema. "Ujifunge, mwenzangu. Mimi sijaacha." Nilinunua nyanya zangu nikaondoka. Nimesikia matusi mengi maishani, mengine nimeyapiga chapa mwenyewe kwa ajili ya kesi za watu, lakini hilo ndilo ninaloamka nalo.

Sasa turudi Butiama. Baada ya kaburi kufunikwa watu walikaa kula. Mimi sikuweza kuinuka. Kiti cha plastiki kilikuwa kimenishika na mgongo umegoma kabisa, nikawa nimekaa nimetazama magoti yangu. Akaja mama mmoja mwenye uso wa Petua, nikashtuka, kumbe ni binti yake wa kwanza, anafanya kazi kwenye ofisi ya serikali Musoma. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema. "Umetoka mbali?" Nikamwambia Bunda. Akachutama mbele yangu. "Mgongo?" Nikasema mgongo. "Ngoja," akasema, na bila kuniuliza akaivua kanga aliyokuwa amejitanda, akaikunja nyembamba, akanisaidia kusimama. "Mama alikuwaga anatufunga hivi. Mimi kazini sikai bila hii, nakaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Shika ncha hii hapa tumboni. Mimi nitashika hii, halafu wewe zunguka taratibu unifuate."

Nilishika. Nilizunguka. Watu walikuwa wanakula ubwabwa, hakuna aliyetutazama, bibi kizee anafungwa kiuno, kuna ajabu gani. Miaka yote hiyo, na miguu yangu ilikumbuka yenyewe namna ya kuzunguka. Nilipofika mikononi mwake akaanza kupiga fundo, na akalipeleka kulia.

"Mbona kulia?" nikamuuliza.

"Mama alisema fundo ni kulia. Siku zote."

"Hakuwaambia sababu?"

Akafikiri. "Hapana. Tulimuulizaga, akasema ndivyo linavyokaa." Akacheka kidogo, kicheko cha mama yake. "Kwani wewe unaijua? Mlifahamiana wapi na mama?"

"Tulikaa chumba kimoja, Nyasho. Mashine za zamani zilirudishwa kwa mkono wa kushoto. Fundo likiwa kushoto, kiwiko kinalisugua mpaka unatoka damu. Mimi lilinitoa damu, ndipo nikalihamisha."

Alinitazama. Niliona analipanga moyoni mwake, lile neno alilosoma mpwa kwenye wasifu na hili nililolisema mimi, na havikai pamoja.

"Mama hakutuambia hivyo," akasema polepole.

"Hakujua. Yeye alikuwaga ameshika ncha ya pili."

Mikono yake ikasimama kiunoni kwangu, imeshikilia fundo ambalo halijafungwa. Nyuma yake, kupitia mlango wa nyumba, niliiona picha ya Petua, imerudishwa sebuleni, imeegemezwa ukutani, imenyooka.

"Vuta," nikamwambia. "Ila usikaze sana."